Euler: Kipofu aliyeipima nambari ya tarakimu kumi

MWANAHISABATI Leonhard Euler alikuwa amepoteza nuru ya macho yote mawili mnamo 1772, alipofumbua fumbo lililokuwa limedumu kwa zaidi ya karne moja: je, 2,147,483,647 ni nambari tasa, yaani isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe?

Euler alizaliwa Aprili 15, 1707 mjini Basel, Uswisi. Babake, aliyekuwa mchungaji wa kanisa, alitaka mwanawe afuate nyayo zake. Hata hivyo, Johann Bernoulli, mwanahisabati mashuhuri wa mji huo, alitambua kipawa cha kijana huyo na kumshawishi mzazi amwachilie asomee hisabati.

Mnamo 1727 alihamia St Petersburg, Urusi, kufanya kazi katika akademia ya sayansi. Akiwa huko, mnamo 1732, alionyesha kuwa 4,294,967,297 hugawanyika kwa 641. Mfaransa Pierre de Fermat, bingwa wa karne iliyotangulia, alikuwa ameamini kuwa nambari hiyo ni tasa. Ikadhihirika kwamba katika hisabati, sifa za msemaji haziwezi kuchukua nafasi ya ithibati.

Maisha hayakumhurumia. Kati ya watoto wake 13, ni watano tu waliovuka utotoni. Jicho la kulia liliharibika angali kijana. Baada ya kuishi Berlin kwa miaka 25, alirejea Urusi mnamo 1766, na punde mtoto wa jicho akamwathiri jicho la kushoto. Upasuaji wa 1771 ulimpa nafuu ya muda mfupi tu. Mwaka huo huo, nyumba yake iliteketea na akaponea chupuchupu. Mkewe, Katharina, alifariki mnamo 1773.

Hata hivyo, kazi haikukoma. Alikokotoa hesabu kichwani, huku wanawe na wasaidizi wake wakiandika aliyoyatamka.

Nambari aliyoipima hupatikana kwa kuzidisha 2 thelathini na moja pamoja, kisha kutoa 1. Padri Mfaransa Marin Mersenne aliiorodhesha miongoni mwa nambari tasa mnamo 1644, bila kutoa ithibati. Kama ingekuwa na vigawanyo, basi angalau kimoja kisingezidi 46,340. Kwa hivyo, mtu wa kawaida angelazimika kujaribu nambari tasa zaidi ya 4,700, moja baada ya nyingine.

Euler alitumia akili kupunguza mzigo huo. Alithibitisha kuwa kigawanyo chochote cha nambari hiyo, kikigawanywa kwa 248, lazima kibakishe 1 au 63. Zikasalia nambari zisizofika 400 za kuchunguzwa, na hakuna hata moja iliyoigawanya. Mersenne alikuwa amesema kweli kuhusu nambari hiyo, lakini ni Euler aliyeithibitisha.

Kwa zaidi ya miaka 70, hakuna nambari tasa kubwa kuliko hiyo iliyojulikana.

Euler aliaga dunia mnamo Septemba 18, 1783 mjini St Petersburg, akiwa na umri wa miaka 76. Siku hiyo alikuwa akijadili mzunguko wa Uranus, sayari iliyokuwa imegunduliwa miaka miwili tu awali.

Nambari yake ingali kazini: ndiyo kubwa zaidi ambayo kompyuta huweza kuhifadhi katika nafasi ya biti 32, moja ya biti hizo ikitengewa alama ya kujumlisha au kutoa.