Askofu Mkuu Scrope: Alimketisha mfalme kitini, akauawa kwa uhaini

JUNI 8, 1405, Askofu Mkuu wa York nchini Uingereza, Richard Scrope, alisimama kama mshitakiwa ndani ya kasri lake mwenyewe, Bishopthorpe. Siku hiyo hiyo alikatwa kichwa.

Scrope alizaliwa yapata mwaka 1350 katika ukoo wa makabaila wa kaskazini. Alibobea katika sheria, na mwaka 1378 akawa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1386 alipewa uaskofu wa Coventry na Lichfield, kisha mwaka 1398 akapanda hadi York.

Mfalme Richard II alipolazimishwa kuachia taji mwaka 1399, Scrope alikuwa miongoni mwa waliopokea tamko la kujiuzulu kwake. Baadaye, yeye na Askofu Mkuu wa Canterbury, Thomas Arundel, ndio waliomwongoza Henry IV hadi kwenye kiti cha enzi.

Haikupita miaka sita, urafiki huo ukavunjika. Mwaka 1405 waraka wa malalamiko, yakiwamo ya mzigo wa kodi kwa mapadri na waumini, ulibandikwa hadharani mjini York. Maelfu ya watu walimfuata Scrope na kijana Thomas Mowbray, aliyekuwa na umri wa miaka 19, hadi Shipton Moor.

Jeshi la mfalme chini ya Ralph Neville, kabaila wa Westmorland, halikupigana. Mei 29, Neville aliomba mazungumzo, akaonyesha kuyakubali madai yao na kushauri watu warudi makwao. Umati ulipotawanyika, viongozi wakakamatwa.

Ndipo likazuka suala zito: Je, mahakama ya mfalme ina mamlaka ya kumhukumu askofu? Kwa sheria ya Kanisa, jibu lilikuwa hapana. Inaelezwa kuwa Jaji Mkuu, William Gascoigne, alikataa kutoa hukumu hiyo.

Arundel alisafiri usiku kucha kuja kumwombea mwenzake. Mfalme alimtaka apumzike kwanza. Akiwa bado mapumzikoni, tume iliyoundwa na mfalme ikatoa hukumu ya kifo.

Scrope, Mowbray na William Plumpton waliuawa katika shamba nje ya kuta za York. Inasimuliwa kuwa askofu huyo aliomba akatwe kwa mapigo matano, kwa kukumbuka majeraha matano ya Kristo.

Papa Innocent VII aliwatenga na Kanisa wote waliohusika. Adhabu hiyo iliondolewa na Gregory XII mwaka 1408. Waumini walimiminika kaburini kwake katika Kanisa Kuu la York, na maradhi yaliyomwandama Henry hadi kifo chake mwaka 1413 wengi waliyaita adhabu ya Mungu.

Thomas Becket aliuawa na watu wa mfalme mwaka 1170 bila hukumu yoyote, akatangazwa mtakatifu. Scrope, aliyeuawa kwa jina la sheria, hakutangazwa kamwe.