Seyyid Said bin Sultan na Shamba la Kizimbani: Mfano wa Kufundishia Ugawaji wa Kazi katika Kompyuta

Mwalimu anayefundisha jinsi mfumo endeshi unavyoyagawia mafungu ya kazi vichakataji na kumbukumbu hupata taabu, kwa kuwa mambo hayo hayaonekani kwa macho. Twapendekeza aanze na jambo analolijua mwanafunzi wa Unguja, yaani shamba la mikarafuu, na maisha ya mtawala aliyelistawisha.

Seyyid Said alizaliwa Oman mwaka 1791. Baba yake, Sultan bin Ahmad, aliuawa mwaka 1804, na miaka miwili baadaye kijana huyo akashika utawala. Alifika Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828. Mikarafuu ilikuwa imekwisha kuletwa, na Saleh bin Haramil alikuwa na mashamba Mtoni na Kizimbani. Seyyid alimnyang'anya mashamba hayo. Yasimuliwa kuwa aliamuru kila mwenye ardhi apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi, la sivyo apokonywe shamba. Alifariki baharini mwaka 1856, akirejea kutoka Oman.

Mashamba ya zama hizo yalikuwa na ngazi: msimamizi, chini yake nokoa, kisha kadamu. Kwa desturi watumwa walipewa kipande cha ardhi cha kulima muhogo, pamoja na siku ya Alhamisi na Ijumaa za kujilimia. Msimu ulipowadia mikono mingi ilihitajika kwa pamoja, kwani karafuu huchumwa kabla ya ua kufunguka.

Hapa ndipo mwalimu avukie kwenye kompyuta. Tangu mwaka 2005 kiini cha Linux kimekuwa na njia ya kuunda mafungu ya kazi. Kila fungu hupewa vichakataji vyake na sehemu zake za kumbukumbu, na kazi zilizomo hazivuki mpaka huo. Fungu dogo halipewi kitu ambacho fungu mama halina, kama vile nokoa asivyoweza kugawa ardhi iliyo nje ya mamlaka ya msimamizi wake. Kazi mpya hurithi fungu la kazi iliyoizaa. Vichakataji na kumbukumbu hupangwa pamoja kwa sababu, katika mashine kubwa, kichakataji hufikia upesi zaidi kumbukumbu iliyo karibu nacho. Vivyo hivyo mchumaji hapotezi muda ikiwa jamvi la kuanikia li karibu. Lakini mipaka ina gharama yake: fungu moja laweza kukaa bure huku jingine likilemewa.

Hata hivyo, mfano huu una kikomo, na mwalimu asikifiche. Kazi ya kompyuta haiumwi wala haina mama aliyeachwa bara. Waliochuma karafuu walikuwa watu waliotekwa na kuuzwa, na utumwa haukuondolewa nguvu ya sheria Unguja hadi mwaka 1897. Mwalimu akiwataja kama vifaa vya kugawiwa tu, atakuwa amefundisha hesabu na kuharibu utu.

Basi, baada ya wanafunzi kuchora mafungu yao ubaoni, waulizwe maswali mawili: nani aliyeamua mgao huu, na nani aliyepata mavuno? Kwenye kompyuta maswali hayo hujibiwa upesi. Kwa shamba la Kizimbani, yatahitaji kipindi kizima, nasi twaona kipindi hicho kitengwe.