Monica Wilson, Mkristo aliyeketi na wazee wa Rungwe

Tafakari ya leo: Matendo ya Mitume 17:16–34

Kila mwaka vyuo vinapokaribia kufunguliwa, wazazi wa Mbeya na Iringa huulizana jambo moja wakitoka ibadani. Kijana amepata nafasi chuoni, na kati ya masomo yake kuna dini za dunia na maadili ya dini. Atasoma habari za Waislamu, Wahindu, Wabudha, na dini za mababu zetu wenyewe. Je, atarudi nyumbani akiwa bado Mkristo? Wengine humshauri mtoto abadili kozi. Inashangaza kidogo, maana mikoa yetu hii miwili ina vyuo vikuu vilivyoanzishwa na makanisa yenyewe: Teofilo Kisanji cha Wamoravian, Chuo Kikuu cha Iringa cha Walutheri, na Ruaha cha Wakatoliki.

Somo la leo linamwonyesha Paulo akiwa Athene. Kabla hajasimama Areopago kuhubiri, alikuwa ameuzunguka mji na kuziangalia madhabahu za watu, mpaka akaijua ile ya mungu wasiyemjua. Alitazama kwanza, kisha akasema. Nataka tumfikirie mama mmoja aliyefanya kazi hiyo ya kutazama hapa kwetu, chini ya Mlima Rungwe, kwa uvumilivu ambao wengi wetu hatuna.

Monica Hunter alizaliwa mwaka 1908 huko Lovedale, Afrika Kusini, katika misheni ya Wapresbiteri wa Scotland. Wazazi wake walikuwa wamisionari. Alikulia kwenye kengele ya ibada na shule ya misheni, akajua Kixhosa tangu utotoni. Akaenda Uingereza, chuo cha Girton, Cambridge, kusoma historia. Humo ndani ya chuo akahamia somo la anthropolojia, yaani elimu ya watu na desturi zao. Hapo ndipo mzazi mwoga angepiga simu. Lakini binti huyu wa misheni alirudi kwao akaishi miezi mingi na Wapondo, na mwaka 1936 kitabu chake juu yao kikatoka.

Mwaka 1935 aliolewa na Godfrey Wilson, Mwingereza mwenye imani ya Kikristo na msomi wa fani hiyohiyo. Godfrey alikuwa amekwisha kuanza utafiti kwa Wanyakyusa mwaka 1934. Monica akamfuata, na hadi mwaka 1938 wakawa wanaishi vijijini Rungwe, wakijifunza Kinyakyusa na kuandika yale waliyoyaona. Siku zile Rungwe ilikuwa chini ya Jimbo la Iringa, na huko Iringa nako msomi Gordon Brown na afisa wa wilaya Bruce Hutt walikuwa wamekwisha kufanya uchunguzi juu ya Wahehe, wakautolea kitabu mwaka 1935. Ila kazi ile ya Iringa ilikuwa hasa ya kuisaidia serikali kutawala. Akina Wilson walitaka kujua watu wanaishi kwa tumaini gani na wanaogopa nini.

Waliona nini? Kwanza, vijiji vya marika. Mvulana wa miaka kama kumi aliondoka nyumbani kwa baba, akaenda kujenga vibanda na wenzake wa umri wake. Walikula kwa mama zao kwa kupokezana, na waliendelea kukaa pamoja hata walipooa na kuzeeka. Wema mkubwa kwao ulikuwa kukaa vizuri na wenzako: kula pamoja, kunywa pamoja, kuzungumza. Mtu aliyekula peke yake alikuwa amekosa adabu, tena alikuwa hatari. Monica aligundua kwamba hata hofu ya uchawi ilifuata mkondo huo. Wanyakyusa walisema mchawi ana nyoka tumboni mwenye uchu wa nyama na maziwa. Kwa Wapondo, waliokaa ukoo kwa ukoo, hofu ilihusu zaidi tamaa za mwili. Mwaka 1951 aliandika makala akilinganisha hofu hizo mbili, na wasomi wa dini wanaisoma mpaka leo.

Kulikuwa pia na pumzi ya watu. Mtu akidharau wazazi, au akawanyima majirani haki yao ya karamu, kijiji kilinung'unika, na manung'uniko yale yaliaminiwa kumshika kwa homa na baridi. Kwa hiyo hakuna dhambi iliyokuwa ya mtu binafsi tu.

Jambo linalonigusa zaidi ni hili. Katika matambiko ya ukoo na ya nchi, Monica aliona kwamba hasira ndiyo iliyotangulizwa mbele. Ndugu walipokusanyika kwa sababu ya ugonjwa au msiba, mwenye kinyongo alitakiwa akitoe kwa mdomo, mbele ya wote, kisha ateme maji kuonyesha kwamba moyo umesafika. Akificha, tambiko lilikuwa bure. Sasa soma Mathayo sura ya tano, pale Bwana Yesu anapomwambia mtu aiache sadaka madhabahuni aende kwanza kupatana na ndugu yake. Ni mara ngapi tunapita mbele na bahasha zetu huku tukiwa hatusalimiani na wa benchi la nyuma? Wazee wale ambao hawakuwa wamebatizwa wangetushangaa.

Monica hakuwaacha Wakristo nje ya uchunguzi wake. Wamoravian na wamisionari wa Berlin walikuwa Unyakyusa tangu 1891, na katika kitabu chake cha mwaka 1959 juu ya matambiko ya nchi aliwaeleza Wakristo sambamba na majirani zao. Aliandika pia kwamba Kyala, jina wanaloliitia Mungu Wanyakyusa Wakristo, lilikuwa jina la shujaa wa kale mwenye pango ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kabla ya wamisionari kulichukua. Wapo wasiokubali maelezo hayo, na mjadala wake ni mzuri kwa darasa lolote la chuo. Nami sikubali kila kitu chake. Neno alilotumia kwa wasiobatizwa, wapagani, linachoma leo, na Wanyakyusa waliomfundisha lugha na siri za matambiko walistahili nafasi kubwa zaidi kwenye majalada ya vitabu vile.

Halafu yakaja ya nyumbani. Mwaka 1938 Godfrey alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone, Rhodesia ya Kaskazini. Alikataa vita kwa dhamiri, na ukaribu wake na wafanyakazi Waafrika wa migodini haukuwapendeza wakubwa. Mwaka 1941 alijiuzulu, akajiunga na kikosi cha tiba cha jeshi la Afrika Kusini. Alikuwa anasumbuliwa na huzuni nzito, na mwaka 1944 alijitoa uhai. Makanisani kwetu habari kama hii husemwa kwa kunong'ona, au haisemwi. Monica alibaki na watoto wawili wa kiume wadogo. Kitabu walichokuwa wanaandika pamoja kikatoka mwaka 1945 kikiwa na majina yao yote mawili. Vile vya Rungwe alivitoa kimoja kimoja, 1951, 1957, 1959, na cha mwisho 1977, akitumia madaftari yake na ya marehemu. Mwaka 1955 alirudi Rungwe tena kuona yaliyobadilika.

Alifundisha Fort Hare, kisha Rhodes, na kuanzia 1952 akawa profesa Cape Town mpaka alipostaafu 1973, miaka yote hiyo serikali ya ubaguzi ikikaza kamba. Mwanafunzi wake Archie Mafeje, Mwafrika, aliandika naye kitabu juu ya mtaa wa Langa. Mwaka 1968 chuo kilimteua Mafeje kuwa mhadhiri, kisha kikamwondoa kwa shinikizo la serikali. Monica alikuwa upande wa Mafeje. Mwaka uliofuata alialikwa Cambridge kutoa mihadhara juu ya dini na mabadiliko ya jamii barani Afrika, na mengi aliyoyasema huko yalitoka kwa Wanyakyusa.

Alikuwa Mkristo wa kusali kanisani tangu Lovedale hadi uzee. Alistaafia Hogsback, milimani juu ya bonde alikozaliwa, akaendelea kuandika, na huko akafariki Oktoba 1982 akiwa na miaka 74.