Abdulrahman Mohamed Babu: Kalamu, Uwaziri na Kizuizi

Jina la Abdulrahman Mohamed Babu hutajwa mara nyingi katika historia ya Mapinduzi ya Zanzibar na kwa nadra katika taaluma ya maandishi. Mgawanyo huo una kasoro. Kwa Babu kalamu ilitangulia uwaziri, na uwaziri ulipokwisha kalamu ndiyo iliyobaki.

Alizaliwa Unguja mwaka 1924. Mwaka 1951 alikwenda London, na huko akaingia katika harakati za kupinga ukoloni. Aliporejea mwaka 1957 alikuwa katibu mkuu wa Zanzibar Nationalist Party, chama ambacho Wazanzibari walikiita Hizbu. Uhodari wake wa kupanga vijana na kutoa machapisho uliwatia wasiwasi Waingereza, hata mwaka 1962 akafungwa kwa kosa la uchochezi. Alipotoka alifarakana na viongozi wenzake, na mwaka 1963 akaunda Umma Party.

Uteuzi wa jina hilo unastahili kuangaliwa. Neno umma lilikwishaingia katika Kiswahili likiwa na maana pana ya watu wote, huku mwangwi wa jumuiya ya waumini ukiendelea kusikika ndani yake. Babu alilitumia kwa maana ya tabaka la wavujajasho, bila kujali asili zao, katika visiwa ambavyo siasa zake zilikuwa zimegawanyika kwa misingi ya Uarabu, Ushirazi na Uafrika. Wafuasi wake nao wakaitwa makomredi, neno ambalo Zanzibar lilikuja kumaanisha kundi mahususi la watu kuliko itikadi.

Mwanzoni mwa Januari 1964 Umma Party ilipigwa marufuku, naye Babu akakimbilia Dar es Salaam. Alikuwa huko Mapinduzi yalipotokea tarehe 12, kisha akarudi Unguja na kuwa waziri wa mambo ya nje. Baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili aliingia katika serikali ya Jamhuri ya Muungano, akashika wizara kadhaa, zikiwamo za biashara na mipango ya uchumi. Dar es Salaam ikawa mji wake wa kazi kwa miaka minane.

Katika mji huo waziri aliendelea kuwa mwandishi. TANU, iliyozaliwa katika mtaa ambao leo huitwa Lumumba, ukingoni mwa Kariakoo, ilikuwa na magazeti mawili: Uhuru kwa Kiswahili na The Nationalist kwa Kiingereza. Babu aliandika katika hilo la pili kwa jina la kalamu, Pressman. Hapa ndipo penye tatizo lisilokwepeka katika urithi wake. Mtu aliyekiita chama chake umma aliandika hoja zake nzito kwa lugha ambayo mchuuzi wa Kariakoo hakuisoma. Yamkini alilenga wasomi wa Chuo Kikuu na wapigania uhuru wa nchi nyingine waliokuwa wamejaa mjini, lakini gharama yake ilikuwa kubwa.

Februari 1972 aliondolewa katika baraza la mawaziri. Tarehe 7 Aprili Karume aliuawa, na Babu akawekwa kizuizini Tanzania Bara. Serikali ya Muungano haikumpeleka Zanzibar. Kesi ya uhaini iliendeshwa huko bila yeye kuwapo, na mwaka 1974 akahukumiwa kifo. Hukumu hiyo haikutekelezwa. Hukumu ya mtu ambaye hakusimama mbele ya mahakama kujibu haiwezi kuwa ushahidi wa kutosha kwa mwanahistoria, ijapokuwa wapo wanaoichukulia hivyo.

Akiwa kizuizini aliandika mswada uliotolewa gerezani kwa siri, ukachapishwa London mwaka 1981 kwa jina la African Socialism or Socialist Africa? Hoja yake kuu ni ya kiuchumi: nchi inayozalisha malighafi kwa ajili ya soko la nje haiwezi kujitegemea, na ugawaji wa haki hauwezi kuziba pengo la uzalishaji. Wakati akiandika, mji aliouacha ulikuwa ukibadilika. Jengo jipya la soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, na mwaka uliofuata Operesheni Maduka ikafunga maduka mengi ya watu binafsi kabla ya maduka ya ushirika kuwa tayari kuyarithi. Uhaba uliofuata ulikuwa mfano wa kile alichokihofia, ingawa yeye mwenyewe, akiwa waziri wa biashara, alikuwa miongoni mwa waliotaka dola ishike biashara. Wanaomsifu mara nyingi huruka jambo hilo.

Aliachiwa Aprili 1978. Alifundisha katika vyuo vikuu vya Marekani, kisha akaishi London akiandika makala magazetini kuhusu siasa za Afrika. Mfumo wa vyama vingi ulimrejesha nyumbani mwaka 1995, akiwa upande wa NCCR-Mageuzi. Alifariki London Agosti 1996, akazikwa Zanzibar. Mkusanyo wa maandishi yake, The Future that Works, ulitoka mwaka 2002, nao pia kwa Kiingereza.