George Stevens, Shahidi wa Dachau

George Stevens alizaliwa tarehe 18 Desemba 1904 katika mji wa Oakland, California, nchi ya Marekani. Wazazi wake walikuwa waigizaji wa jukwaani. Naye angali kijana akajifunza kazi ya kupiga picha za sinema, kisha akawa mwongozaji, akapata sifa kwa michezo ya kuchekesha.

Vita vilipokuja akaiacha kazi ile, akaingia jeshini mwaka 1943. Jenerali Eisenhower akamweka juu ya kikosi cha wapiga picha. Mwezi wa Juni 1944 wakashuka pamoja na majeshi pwani ya Normandy, Ufaransa, wakafuatana nayo hata ndani ya Ujerumani.

Tarehe 29 Aprili 1945 askari wa Marekani waliifungua kambi ya Dachau, ambayo Wanazi waliianzisha mwaka 1933. Humo walikuta wafungwa zaidi ya 30,000, wamekonda kwa njaa, wengi wao wagonjwa. Mapadre na wachungaji wengi walifungwa humo. Mchungaji Martin Niemöller, Mlutheri, alikaa humo tangu 1941, akahamishwa siku chache tu kabla ya kambi kufunguliwa. Penye njia ya reli yalisimama mabehewa yaliyojaa maiti. Stevens na watu wake wakayapiga picha hayo yote, walio hai na wafu.

Lakini je, watu wa mbali watasadiki? Basi picha zilizopigwa katika kambi mbalimbali zikaunganishwa, chini ya uangalizi wake, kuwa filamu moja ya muda wa saa moja hivi. Stevens akathibitisha kwa kiapo ya kuwa hazikugeuzwa hata kidogo. Tarehe 29 Novemba 1945 ikaonyeshwa mahakamani Nuremberg, mbele ya Göring na wakuu wenzake walioshtakiwa. Wengine wao wakageuza nyuso.

Stevens akarudi kwao, wala hakurudia tena michezo ya kuchekesha. Mwaka 1959 akatoa picha ya maisha ya Anne Frank, binti Myahudi aliyefia kambini Bergen-Belsen. Filamu za rangi alizojipigia mwenyewe vitani aliziweka akiba. Akafariki tarehe 8 Machi 1975; baadaye mwanawe akazitoa, nazo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani.

Ushuhuda wa kweli una gharama yake. Mtu huyu aliulipia kwa kicheko chake, na kwa hiyo uovu ule haukuweza kufichwa.