Lady Mary na chanjo ya vikongwe

Wakati wa korona, mwaka 2020, nyumba nyingi za kwetu Pwani zilinuka mkaratusi. Tulijifukiza, tukanywa tangawizi na habasoda. Chanjo ilipokuja mwaka uliofuata, wengi wetu tuliikataa tukisema ni mambo ya Wazungu. Kila nikisikia hivyo namkumbuka Lady Mary Wortley Montagu.

Bibi huyu alizaliwa Uingereza mwaka 1689, binti wa ukoo wa kitajiri. Ndui ilimuua nduguye mwaka 1713. Miaka miwili baadaye ikampata yeye. Alipona, lakini uso uliosifiwa London nzima ukabaki na makovu, na kope zikamtoka.

Mumewe alipofanywa balozi katika dola ya Uthmania, walihamia huko. Mwaka 1717 akaona jambo ambalo madaktari wa kwao walishaandikiwa habari zake wasizijali. Vikongwe walipita majumbani na usaha wa ndui ndani ya ganda la kokwa, wakawachanja watoto kwa sindano na kuutia humo usaha kidogo. Mtoto alishikwa na homa siku chache, akapona, na ndui haikumpata tena. Ni kuchanja hasa, kama chale za mganga. Neno letu chanjo limetoka huko huko.

Mwaka 1718 alimwita kikongwe wa Kigiriki amchanje mwanawe wa kiume. Ndui ilipochachamaa London mwaka 1721, akamchanjisha bintiye wa miaka mitatu mbele ya madaktari wa mfalme. Kelele zikaanza! Mhubiri mmoja alisema ni kuingilia kazi ya Mungu. Daktari mwingine aliidharau kuwa desturi ya wanawake wajinga wa nchi za mbali.

Wafungwa sita wa gereza la Newgate walichanjwa kwa ahadi ya kuachiliwa, jambo ambalo leo tungelilaani. Wote walipona. Kisha watu wakahesabu: waliochanjwa alikufa takriban mmoja kati ya 50, walioambukizwa wenyewe mmoja kati ya sita au saba. Hatari ilikuwepo, na haikufichwa. Sisi wa kujifukiza tulihesabu nini? Nani alipona, nani aliunguzwa na mvuke?

Lady Mary alifariki mwaka 1762 kwa saratani ya matiti, miaka 34 kabla ya Edward Jenner kutumia ndui ya ng'ombe, iliyo salama zaidi. Kikongwe aliyemchanja mwanawe hakuandikwa hata jina.