Habari za Nyumbani: Dk. David Livingstone na Jamaa Zake

Hapana mwalimu katika nchi yetu asiyelijua jina la Dk. David Livingstone. Watoto hufundishwa safari zake, na mito na maziwa aliyoyaona, na jinsi alivyoyafunua maovu ya biashara ya watumwa mbele ya mataifa. Katika kijitabu hiki cha yubile imetupasa kumtaja, kwa kuwa maneno aliyoyasema mjini Cambridge tarehe 4 Desemba 1857 ndiyo yaliyowaamsha watu wa vyuo vikuu vya Uingereza, hata ikaundwa misheni ya UMCA. Lakini safari zake zimekwisha kuandikwa mara nyingi. Sisi twataka kumweleza hapa kama mwana wa watu, aliyetoka kwa baba na mama akatumwa mbali, na jinsi habari za nyumbani zilivyomfikia, au zilivyokosa kumfikia.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika kijiji cha Blantyre, Uskoti. Baba yake, Mzee Neil, alikuwa mchuuzi wa majani ya chai, akizunguka nayo vijijini, na pamoja na chai aligawa vijitabu vya dini. Mama yake aliitwa Agnes Hunter. Jamaa yote walikaa katika chumba kimoja cha nyumba ya kiwanda cha pamba. Ndimo walimopika, walimolala na walimosali. David alipokuwa na umri wa miaka 10 aliingia kiwandani kuunga nyuzi zilizokatika, tangu saa 12 asubuhi hata saa 2 usiku. Kwa sehemu ya ujira wake wa kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini, akakiweka juu ya mashine, akawa akisoma sentensi moja moja kila alipopita. Baba yake alikuwa mtu mkali katika mambo ya dini, tena aliogopa kwamba vitabu vya elimu ya dunia vitaiharibu imani ya mtoto. Wakashindana juu ya jambo hilo kwa muda. Lakini David alipotaka kuwa mganga na mmisionari, baba hakumzuia.

Akajifunza uganga mjini Glasgow, akakubaliwa na Chama cha Misheni cha London. Usiku wa tarehe 16 Novemba 1840 ulikuwa wa mwisho kulala nyumbani. Kulipopambazuka walikusanyika, David akasoma Zaburi ya 121 na ya 135, akaomba. Kisha Mzee Neil akatembea pamoja naye kwa miguu mpaka Glasgow, wakaagana gatini. David alipanda merikebu, na baba akarudi peke yake. Hawakuonana tena katika dunia hii.

Wasomaji wetu wafahamu kwamba nyumba ile ilitoa watoto wengi kwa nchi za mbali. John, kaka yake mkubwa, alihamia Kanada, na Charles, mdogo wao, alikwenda Marekani. Waliobaki na wazee katika mji wa Hamilton ni dada wawili, Janet na Agnes. Basi habari za wana wote watatu zilikuja kwa karatasi tu. Barua alizoandika David kwa wazazi na dada zake tangu 1841 mpaka 1856 zilitunzwa vizuri, hata zikapigwa chapa mwaka 1959. Asiyejua habari zake angedhani kwamba mtu mwenye safari kubwa kama hizo hakuwa na nafasi ya kuandika nyumbani. Lakini aliandika kutoka Kuruman, kutoka Mabotsa, kutoka Kolobeng, mahali ambapo barua ilingoja gari la ng'ombe, kisha ikangoja merikebu.

Wala hakuandika yote. Mwaka 1844, huko Mabotsa, simba alimrukia akauvunja mfupa wa mkono wake wa kushoto, na mkono ule haukupona sawasawa mpaka kufa kwake. Habari hiyo hakupenda kuitangaza. Alikuwa na nia ya kuiweka akiba, awasimulie watoto wake atakapokuwa mzee. Kila mzazi aliye na mwana katika kazi ya mbali anaijua desturi hii: barua husema hajambo, na mkono ulioandika umejaa makovu.

Mwaka 1845 alimwoa Mary, binti wa mmisionari Robert Moffat wa Kuruman. Mwaka 1852 aliona kwamba safari zake zimekuwa za hatari mno kwa mke na watoto wadogo, akawapeleka Cape Town, akawapandisha merikebu waende Uingereza. Yeye akarudi bara. Hapa hatuna budi kusema neno la huzuni. Mama Mary, aliyezaliwa na kukulia Afrika, alifika Hamilton kwa wakwe zake ambao hakupata kuwaona hata siku moja, nao hawakupatana. Akahama na watoto wake, akakaa huku na huku katika hali ya dhiki, asiwaandikie tena. Mzee Neil akaandika barua kwa wakuu wa Chama mjini London kuuliza wajukuu wake wako wapi, maana aliwapenda, wala hakutaka mama yao ajue kwamba anauliza. Mwana aliyeweza kuwapatanisha alikuwa katika misitu ya Afrika, asijue lolote. Twaieleza habari hii si kwa kumlaumu mtu, bali ili ijulikane kwamba anayetumwa hatumwi peke yake. Mzigo huwaangukia na wale wasiotajwa katika taarifa za misheni.

Tarehe 31 Mei 1854 Livingstone alifika Luanda, katika pwani ya magharibi, pamoja na watu 27 aliopewa na Sekeletu, mfalme wa Wamakololo. Alikuwa amekonda kwa homa na kuhara, na njia nzima alitumaini kukuta barua za jamaa zake. Hakukuta hata moja. Manowari za Uingereza zilikuwapo bandarini, na wakubwa wake wakamsihi apande arudi kwao apate kupona. Kama angekubali, angalimwona baba yake. Lakini alikuwa amewaahidi watu wale kuwarudisha kwao, nao wasingeweza kufika salama bila yeye. Akakataa kupanda, akaandika barua zake na ramani zake, akazitia katika merikebu ya posta iitwayo Forerunner, akarudi bara kwa miguu. Merikebu ile ilizama karibu na kisiwa cha Madeira, na kila alichoandika kikapotea. Habari ilimfikia akiwa bado katika nchi ya Angola. Akaketi, akayaandika yote upya.

Na huko bara barua zilikuwa zikimngoja, ila hakujua. Mkwewe Moffat alikuwa amepeleka mizigo na barua kwa mikono ya Wamatabele mpaka ukingo wa mto Zambezi. Wamatabele na Wamakololo walikuwa adui. Wamakololo walipoitiwa ng'ambo waje kupokea vitu vya mganga wao, walidhani ni uchawi wa kuwaangamiza, wakakataa kuvigusa. Wamatabele wakaviacha pale, wakisema kwamba vikiharibika hatia itakuwa ya Wamakololo. Ndipo, kwa hofu nyingi, Wamakololo walivichukua mpaka kisiwani, wakavijengea kibanda juu yake mvua isivipate. Hapo vilikaa mwaka mzima, hata Septemba 1855 Livingstone aliporudi, akavikuta salama vyote. Watu wale hawakujua kusoma, na vitu vyenyewe waliviogopa. Lakini amana waliitunza.

Akaendelea mpaka Quelimane, katika pwani ya mashariki, akafika Mei 1856, akapata merikebu ya kwenda kwao. Alipokuwa njiani, huko Cairo, alipata habari kwamba Mzee Neil amefariki mwezi wa Februari mwaka ule ule. Katika ugonjwa wake mzee alikuwa amemtaja mwanawe. Binti yake alimwambia kwamba alitamani sana kumwona David. Akakubali kwamba ndivyo, lakini mapenzi ya Bwana yatimizwe. Akaongeza kwamba yote yaliyo na maana ya kujulikana juu ya David anatumaini atayajua huko aendako, na David akija aambiwe hivyo. Livingstone alipoingia katika nyumba ya Hamilton na kukiona kiti cha baba yake kitupu, alilia. Uingereza yote ilikuwa ikimngoja kumpa heshima, na mtu aliyetaka kumsimulia habari zake hayupo.

Miaka iliyofuata ilikuwa na habari za namna hiyo. Mwezi wa Novemba 1858 Mama Mary alizaa binti huko Kuruman, naye mumewe, akiwa katika kazi yake ya Zambezi, hakupata habari mpaka ulipopita karibu mwaka mzima. Tarehe 27 Aprili 1862 Mama Mary alikufa kwa homa huko Shupanga, mumewe akiwa kando yake. Mwana wao wa kwanza, Robert, alikwenda Marekani, akaingia jeshini wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe kwa jina lisilo lake, akamwandikia baba yake kwamba amefanya hivyo asije akaliaibisha jina la jamaa. Alikufa mfungwani mwezi wa Desemba 1864, naye ana miaka 18.

Faraja moja alipewa. Alipokuwa akiondoka mwaka 1858, mama yake alimwambia kwamba angependa mmoja wa wanawe awepo kumlaza kaburini. Kwa mama mwenye wana watatu ng'ambo za bahari, tumaini hilo lilikuwa dogo. Lakini tarehe 18 Juni 1865, Mama Agnes alipofariki, David alikuwa Uingereza, katika mji wa Oxford. Simu ilimfikia, akasafiri mara moja, akamzika mama yake kwa mikono yake. Miezi miwili baadaye aliondoka kwao, wala hakurudi tena akiwa hai.

Safari hiyo ya mwisho ilimleta Unguja, kisha Mikindani na mto Ruvuma mwaka 1866, na mwisho Ujiji. Huko Ujiji mwaka 1869 aliandika barua kama 40, akawapa wafanyabiashara wazipeleke pwani. Nyingi hazikufika, maana wako walioogopa kwamba ndani yake ameandika matendo yao ya kuuza watu. Huko kwao wengine walidhani amekwisha kufa. Na yeye alingoja. Mwezi wa Novemba 1870 balozi wa Uingereza huko Unguja alimpelekea mizigo pamoja na mfuko wa barua. Wapagazi wakakaa nao Kwihara, karibu na Tabora, miezi mingi. Henry Stanley alipopita Tabora aliukuta, akauchukua, akamkabidhi Livingstone mwenyewe huko Ujiji mwaka 1871, yapata mwaka mzima tangu ulipotoka Unguja. Livingstone akauweka mfuko magotini, akaufungua, akasoma barua moja mbili za watoto wake, na uso wake ukang'aa. Kisha akamtaka Stanley amweleze habari za ulimwengu. Walipoagana mwezi wa Machi 1872, alimpa daftari ya safari zake, imefungwa kwa lakiri, impelekewe binti yake Agnes.

Alikufa mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo. Watu wake, Susi na Chuma na Jacob Wainwright na wenzao, wangaliweza kumzika na kutawanyika. Wao waliuzika moyo wake chini ya mti, Jacob akasoma sala za maziko, wakaukausha mwili kwa jua, wakauchukua mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Alizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma wakafika Uingereza baada ya maziko, wakaketi na rafiki yake Horace Waller, wakamweleza siku za mwisho, mpaka daftari zake zikapigwa chapa mwaka ule ule. Hivyo habari zake za mwisho hazikuletwa kwao na posta. Zililetwa na vinywa vya watu wa Afrika. Naye Chuma alikuwa mtoto aliyetengwa na jamaa zake kwa utumwa, hata Livingstone na Askofu Mackenzie walipomfungua mwaka 1861. Alikufa Unguja mwaka 1882. Susi alibatizwa huko huko mwaka 1886, akachagua jina la David.

Tumeyaandika haya kwa ajili ya makanisa yetu na walimu wetu. Dayosisi yetu nayo huwatuma vijana wake mbali na kwao, makasisi, walimu na wauguzi, na wazazi wao hubaki nyumbani wakiuliza habari kwa wasafiri. Siku hizi simu hufikisha neno mara moja, wala hatuna merikebu ya kulaumu. Hata hivyo twawajua wazee katika mitaa yetu ambao hawajapata salamu tangu Krismasi, na twawajua walimu katika vituo vya mbali ambao hakuna wa kwao aliyewauliza hali. Basi, wanaotumwa waandike, hata kama hakuna jipya. Na walio nyumbani wasifiche ugonjwa wa mzee mpaka iwe taarifa ya msiba. Kama kuna ugomvi wa wakwe, aliye mbali aelezwe ungali mdogo. Na asiyeweza kuandika, mwalimu wa mtaa amwandikie bila malipo, kama walimu wetu wa zamani walivyofanya, kisha amsomee jibu polepole, mara mbili akitaka. Na barua ya mtu ikipita mikononi mwetu, tuijengee kibanda.

Mungu awalinde waliotumwa, na wale wanaowangoja.